Fulana Iliyosamehe Bila Ruhusa Yangu

Kivuva wa Munguti,
Kitengela.
Jumanne ya Juma Takatifu

Kwa Padre Lemein,
Paroko wetu.

KUH: NGUO ZA KIDINI ZA WATOTO WACHANGA, HASA MMOJA

Padre,

Tumsifu Yesu Kristu. Naamini umeitikia, kwa hivyo naendelea.

Mimi si mtu wa kulalamika. Uliza yeyote wa Jumuiya yetu ya Mtakatifu Bibiana. Waliponipa kiti chenye miguu mitatu kwenye sala ya nyumba kwa nyumba, nilikaa. Ulipohubiri dakika hamsini na tano juzi Jumapili ya Matawi, nilikaa pia, na tawi mkononi. Lakini kuna mambo mtu akiyanyamazia yanageuka kuwa kawaida, na hili limeshaanza, tena linauzwa pale nje ya lango la kanisa lako kila Jumapili baada ya Misa ya pili, juu ya turubai, karibu na mama wa rozari.

Nazungumzia nguo za Nyakio. Unamjua: ni yule wa kwaya anayeimba sauti ya kwanza mpaka wengine wanaacha kujaribu, mke wa kijana wangu Mumo. Tangu ajifungue ameanzisha kazi ya kushona nguo za watoto zenye mambo ya dini. Fulana, kofia, bibu za kuzuia mate, sweta, hata soksi zenye misalaba kwenye nyayo, ambayo mimi naona ni kuikanyaga lakini sijaulizwa. Akina mama wanazipenda ajabu. Nasikia zimefika mpaka Kona Baridi. Kazi yenyewe ni safi, mshono hauna kasoro, na sina ubaya na Nyakio. Shida ni kwamba kila nguo mpya hujaribiwa kwanza kwa mjukuu wangu, ambaye ana mwaka mmoja na miezi minane, na ambaye anaitwa Kivuva, kama mimi.

Sasa nayataja malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Nguo nyeupe. Krismasi iliyopita mtoto alishonewa kanzu nyeupe ya malaika, na mabawa mawili ya kitambaa kigumu mgongoni. Padre, mtu anayemvisha mtoto anayejifunza kutembea nguo nyeupe hapa Kitengela hajawahi kuiangalia Kitengela. Kiangazi ni vumbi, na mvua ikinyesha ni ule udongo mweusi unaowavua watu viatu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, ukifulia kitu cheupe mara tatu kinakuwa rangi ya chai. Kufikia Epifania malaika wetu alikuwa rangi ya chai ya maziwa, bawa moja limetafunwa na mbuzi, na siku moja akipita chini ya meza ya jirani alifukuzwa kwa ufagio akidhaniwa ni kuku. Hilo nililivumilia.

2. Funguo. Ikaja fulana ya Mtakatifu Petro, funguo mbili kubwa za manjano kifuani, na maneno MLINZI WA LANGO. Mtoto hajui kusoma lakini picha anaelewa. Siku ya pili tu alibeba funguo zangu zote, za lango, za stoo na za kufuli la baiskeli. Mimi nilikuwa nimetoka nje kuongea na mtu wa kuleta maji, lango likajifunga nyuma yangu, na dada wa kazi alikuwa anafua huko nyuma, redio iko juu. Nilisimama nje ya boma langu mwenyewe kutoka saa nne mpaka saa sita na nusu, kwa lile jua unalolijua, nimeinama nikimbembeleza mtoto kupitia uwazi wa chini ya lango. Alinionyesha funguo. Akazitikisa. Kisha akaenda kuzitumbukiza kwenye gunia la mkaa, moja moja, bila haraka.

Nyakio aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Ati angalau sasa nimeonja vile itakuwa kule juu nisipoenda kuungama. Padre, nina miaka sitini na tisa. Siwezi kuambiwa maneno kama hayo na mtu anayeuza bibu.

3. Vitu vilivyopotea. Baadaye mtoto akawa Mtakatifu Antoni, yule wa kutafutia watu vitu: nguo ya kahawia ya kipande kimoja, kamba kiunoni yenye mafundo, na kofia ya kuvuta. Jane, jirani yetu wa ploti ya pili, akaja analia simu yake imepotea. Mtoto akaenda moja kwa moja nyuma ya kochi akaitoa. Watu wakapiga makofi, mmoja akapiga goti. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeiweka huko.

Tangu siku hiyo wanakuja. Wanakuja na vitambulisho vilivyopotea, na mume mmoja aliyepotea, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa Athi River kazini. Kisha akaja Parsaoti, yule anayefuga kondoo ng'ambo ya barabara, amepotelewa na dume lake kubwa. Akavua kofia kwa heshima, akamwuliza mtoto. Mtoto akanyoosha kidole upande wa bucha. Sababu ni kwamba bucha ina taa nyekundu naye anapenda taa, lakini Parsaoti hakungoja sababu. Jioni kondoo alipatikana kwa binamu yake, mzima, hata amenenepa kidogo, lakini tayari Parsaoti na mwenye bucha walikuwa wameambiana maneno mazito. Sasa mimi natembea mpaka stendi kununua nyama, kwa sababu mwenye bucha anasema Kivuva amemharibia jina. Nikimwambia ni yule mdogo, anasema Kivuva ni Kivuva.

4. Uongo wa Kwaresima. Kwaresima hii ametoa fulana za zambarau. Kifuani jina la mtoto na tendo moja jema, eti watoto watukumbushe sisi wakubwa. Kuna mtoto wa miezi saba, Makena, aliyeandikwa MAKENA ANAFUNGA. Alinyonya Misa nzima kutoka mwanzo hadi baraka. Kuna Katee, ambaye ameng'ata watoto watatu pale Shule ya Jumapili, yeye aliandikwa KATEE ANATUBU. Padre, sijaona dalili. Ningependa kujua Kanisa linasemaje juu ya mtu anayedanganya kwa nguo wakati yeye mwenyewe amelala.

5. Sasa nifike kwa lile lenyewe.

Wewe ni Mmaasai, na kwenu majina yanapatikana kwa njia yake, kwa hivyo niruhusu nieleze. Kwetu Wakamba, na hata kwa Wakikuyu kina Nyakio, kijana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Wala haitwi tu hivyo. Anakuwa yeye. Marehemu mke wangu Kaveke angekuwa hai angemwita mtoto huyu mume wangu, na angemdai sukari. Dada zangu wakija wanamwamkia kama kaka yao, tena kabla yangu. Nyakio mwenyewe hawezi kumgombeza kwa jina, maana ni jina la baba mkwe. Mtoto akila udongo anaambiwa, tafadhali baba, toa hiyo mdomoni. Mimi nikisikia hivyo kutoka chumba kingine, naangalia mkono wangu kwanza.

Basi Ijumaa ya wiki ya nne ya Kwaresima mtoto akavishwa fulana ya zambarau yenye herufi kubwa nyeupe: KIVUVA AMESAMEHE. Mumo akampiga picha, akaituma kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp. Na ndani ya kikundi hicho yuko ndugu yangu Kiema, anayelima vitunguu Illasit, ambaye sikuwa nimesema naye kwa miaka saba.

Nieleze kwa nini. Tulipopeleka mahari kwa kina Nyakio, Kiema alikuwa msemaji wetu. Unajua vile mambo hayo huenda: baba wa kijana hafungui mdomo, msemaji ndiye anasema yote. Kiema alikula vizuri kwanza. Kisha akakubali kila kitu walichotaja, mbuzi, mitamba, blanketi, na walipokuwa wamemaliza na wanatafuta viatu vyao, akaongeza tangi la maji la lita elfu tano ambalo hakuna mtu duniani aliyeliomba. Alisema ndugu yake amefanya kazi kwa kiwanda cha saruji miaka thelathini, atashindwaje na tangi. Wazee wa kule walipiga makofi. Mimi nimekaa pale, mila imenifunga mdomo, naangalia tangi linaenda. Tulipofika nyumbani nilimwita mjinga mbele ya vijana wetu wote. Akachukua koti lake akaondoka bila kuaga.

Hilo la tangi labda ningelisahau. Lakini miaka miwili baadaye tulimzika Kaveke kule Mashuuru, na Kiema hakuonekana. Kaveke ndiye aliyempikia alipokuwa kijana hana mke. Kaveke ndiye alimshonea kifungo cha shati asubuhi ya harusi yake, mkononi bado ana unga. Nilisimama kando ya kaburi nikiangalia barabara, watu wanaimba, na hakuja. Liliniuma, Padre, na linaniuma mpaka leo.

Kwa sababu ya hayo Mumo ameahirisha ubatizo wa mtoto mara mbili. Anasema anataka wazee wake wote wawili kwenye benchi moja au asimlete kabisa. Nilimwambia basi atabatizwa akiwa na ndevu.

Sasa Kiema akaiona ile picha. Kwa Mkamba yeyote mwenye akili timamu, Kivuva amesema. Hakupiga simu kuuliza ni Kivuva yupi, kwa maana kuuliza hivyo ni kukosa adabu. Jumanne mchana nikamwona anaingia langoni na gunia la vitunguu begani na jogoo mkononi, amenyoa, amevaa ile suti ya siku ya mahari. Akasema kwa unyenyekevu kwamba amepokea msamaha wangu.

Mimi sikuwa nimetoa msamaha wowote! Lakini ningemjibu nini? Nikisema mtoto si mimi, nimelikana jina, na watoto wote wa ukoo wetu wanaitwa bure. Nikisema mtoto ni mimi, basi nimesamehe bila kuambiwa, kwa fulana, na uji umemwagika juu yake. Nikamwambia karibu, keti. Ilikuwa adabu tu. Akaketi. Leo ni siku ya nane. Amerekebisha lango, ameezeka banda la kuku, na anamfundisha mtoto kuniita jina la utani la utotoni ambalo sitalitaja kwenye barua ya Kanisa. Tukiwa wote kibarazani mtoto anamkimbilia yeye, si mimi. Yaani Kivuva anampenda Kiema mbele ya macho ya Kivuva, na Kivuva hana la kufanya.

Nilimwuliza Nyakio ilikuwaje akachagua tendo hilo kati ya matendo yote mema yaliyoko. Alisema lilikuwa fupi na linaenea kifuani. Niliketi nikahesabu herufi. KIVUVA ANASALI ni fupi zaidi.

6. Nilidhani nimemaliza, lakini jana nimeona kwenye meza ya cherehani fulana nyingine, nyeupe, ya ubatizo, maana ubatizo sasa umepangwa Jumatatu ya Pasaka bila mimi kuulizwa. Maandishi hayajaisha. Yamefika KIVUVA AMEUNGA. Najua neno hilo linaelekea wapi. Sijaungama tangu mwaka ule wa mahari, wewe unajua na Mungu anajua, lakini sitaki kuungamiwa. Nguo ya kwanza ilinitia aibu, ya pili ikanifungia nje, ya tatu ikaninyima nyama, na ya zambarau imenichukulia hasira yangu. Nikiiacha hii nyeupe ipite, kufikia Krismasi nitakuwa nimewekwa wakfu.

Kwa hayo yote naomba kwa unyenyekevu:

(a) Kanisa litangaze kwamba msamaha uliotolewa kwa fulana na mtu aliye chini ya miaka mitatu hauna nguvu mpaka ukubaliwe na Kivuva mwenye kitambulisho.

(b) Nguo yoyote ya mtoto inayosema jambo kwa niaba ya mtu mzima ipelekwe kwanza kwa huyo mtu mzima, akiwa macho na ameshakunywa chai.

(c) Nirudishiwe hasira yangu ya miaka saba, ikiwa katika hali ile ile niliyoiacha. Nimeitafuta siku hizi nane na sioni ilipo. Juzi nilijaribu kumkasirikia Kiema kwa sababu ya jogoo, nikajikuta namwuliza vitunguu vimefanyaje mwaka huu.

(d) Kama haya hayawezekani kabla ya Jumatatu ya Pasaka, niruhusiwe nibaki nyumbani siku hiyo. Mtoto atakuwepo, na kwa mila niliyoeleza, mimi nitakuwa nimehudhuria.

Najua uko na kazi nyingi juma hili, na miguu ya watu kumi na wawili ya kuosha Alhamisi. Ukipata nafasi ya kunijibu nitashukuru, na usiponijibu nitaelewa, lakini nitaelewa nikiwa nimenuna. Nisalimie katekista, na akina mama wa jumuiya, na yule mama wa rozari, na mlinzi wa kanisa na mbwa wake. Wazazi wako huko nyumbani wape sopa yangu, ile salamu ya kwenu, na mifugo yao iongezeke.

Ni mimi, nadai haki yangu kwa upole,

Kivuva wa Munguti
(yule mkubwa)

N.B. Padre, kabla barua haijafungwa ni vizuri ujue kwamba mwandiko huu si wangu. Macho yangu siku hizi yanaona fulana lakini hayaoni mstari wa karatasi. Anayeandika ni Kiema. Tangu shuleni yeye ndiye alikuwa na mwandiko. Tumekaa hapa mezani tangu asubuhi, mimi nasema yeye anaandika, na hajabadilisha neno langu hata moja, ingawa kwenye tangi alibisha sana kwamba lilikuwa la lita elfu tatu. Tulipofika kwa neno mjinga aliniuliza kama aliandike kwa herufi kubwa.

Lakini tulipofika kwa maziko ya Kaveke aliandika mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini. Alienda nje akasimama kwa kuku. Aliporudi tukaendelea, lakini ile sehemu haikukaa sawa ndani yangu, na naona ni lazima iongezewe hapa. Kiema hakuja kuzika kwa sababu hakuambiwa. Ni mimi niliyewakataza vijana kumpigia simu, na kile kikundi cha ukoo kilikuwa bado hakijaanzishwa. Alipata habari baada ya wiki tatu, kutoka kwa mtu wa kununua vitunguu, na akafunga shamba siku mbili akalia peke yake. Mimi nilijua kwamba hajaambiwa nikiwa nimesimama pale kaburini naangalia barabara.

Kwa hivyo futa maombi yangu yote, kutoka (a) mpaka (d). Jumatatu tutakuwa kwenye benchi moja, na Ijumaa Kuu nitakuja mapema, kama bado unasikiliza watu. Ile fulana ilikosea, Padre. Kivuva hakuwa na kitu cha kusamehe. Kivuva ndiye anaomba msamaha kwa ndugu yake.

Maneno hayo ya mwisho ilibidi niyarudie mara tatu, kwa sauti kubwa, ndipo Kiema akayaandika, maana sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Mara ya kwanza naamini kweli hakusikia.